Sikuja Kuokotwa

Gauni la kwanza alilivua kwa sababu lilimbana. La pili alilivua kwa sababu lilimpwaya. La tatu alilivua bila sababu yoyote. Mama mdogo wake alikuwa ameegemea mlango, bakuli la karanga mkononi, akimtazama. Alisubiri gauni la nne lifike mabegani ndipo akauliza:

"Na hilo nalo limekosa nini?"

"Linanionyesha kama mtu anayejitahidi sana."

"Si unajitahidi kweli?"

"Mama mdogo, bwana!"

"Haya, nimenyamaza." Akatupa karanga mdomoni. "Ila ukiyamaliza yote, kuna pazia la sebuleni. Lile halina mfanowe, na halihitaji zipu."

Mwenye gauni akacheka, ingawa moyo ulikuwa ukimdunda kama mtu anayegonga mlango kwa haraka. Alasiri hiyo alikuwa akipelekwa kutambulishwa kwa mama yake Rubani.

Rubani hakuwahi kurusha ndege hata siku moja. Alikuwa dereva wa winchi, ile mikono mirefu ya chuma inayopandisha zege na nondo kwenye majengo ya ghorofa. Kwa kuwa siku nzima aliishi hewani, wenzake walimbatiza jina hilo, naye akaliitikia. Alimjia dukani kwa ajili ya miwani. Mwanamke huyu alikuwa fundi miwani pale, ndiye aliyewachagulia wateja fremu na kuzikunja mpaka ziwakae sawasawa usoni.

"Vijana kule chini wananipa ishara kwa mikono," Rubani alimwambia siku ile. "Siku hizi naona kama wananiaga."

Alimvisha miwani, akamrekebishia nyuma ya masikio kwa ncha za vidole. Rubani alipofumbua macho alimkuta mbele yake, karibu kabisa, akiwa ameshika pumzi. Akamtazama muda mrefu kuliko haja ya kupima miwani.

"Kumbe!" alisema.

"Kumbe nini?"

"Kumbe watu wana kope."

Fundi alicheka mpaka wateja wakageuka. Baada ya hapo Rubani alirudi tena na tena kukaziwa skrubu ambayo haikuwa imelegea, hadi siku moja akakiri kwamba skrubu ni nzima, aliyelegea ni yeye.

Mwanamke mwingine angefurahi tu. Yeye alifurahi na kuogopa kwa pamoja. Alikuwa ameshaolewa na kuachika. Mume wake wa kwanza alikuwa mtu wa maneno machache, na yale machache yalichoma. Siku alipofunga begi kuondoka, mume yule hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, akasema, "Nenda. Ila ukitoka hapa, hakuna atakayekuokota." Akaenda zake kuangalia televisheni.

Maneno yale yalimfuata hadi kwa mama mdogo wake, yakapata chumba, yakatandika kitanda. Akawa mtu wa samahani. Akigongwa na mlango, samahani. Mteja akimkanyaga, samahani. Mama mdogo alifikia kumwita Bi Samahani, na siku hiyo pia aliomba samahani kwa kuitwa hivyo. Tajiri wa duka alipomwomba akasimamie tawi jipya lililokuwa likijengwa, alijibu kwamba labda atafutwe mwingine anayeweza.

Basi Rubani alipomwambia anampenda, jibu lililomtoka lilikuwa, "Asante." Na kila waliponyanyuka mahali walipokuwa wameketi pamoja alirudia: "Asante kwa kunipenda." Mwanzoni Rubani alikuwa akimfumba mdomo kwa kiganja. Baadaye alizoea. Akawa anajibu, "Usijali."

*

Nyumba ya mama yake Rubani ilikuwa safi kiasi cha kumfanya mgeni ajikague nyayo. Kulikuwa na makochi ya kijani yenye vitambaa vya kufuma, na ukuta mzima wa picha za watoto wenye mapengo. Mama mwenyewe alikuwa mkunga aliyestaafu, mwanamke mfupi mwenye macho yasiyo na haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Keti hapo mbele nikuone."

Dada mkubwa wa Rubani alikuwa akimimina chai. Fundi miwani akainuka kumpokea birika.

"Keti. Wewe ni mgeni," dada mtu alisema, kwa sauti isiyokuwa ya moto wala ya baridi.

"Samahani."

"Samahani ya nini? Nimesema keti tu."

Akaketi. Wakanywa chai, wakazungumzia jua, wakazungumzia barabara. Kisha mama mtu akaweka kikombe chake mezani.

"Mwanangu ameniambia uliwahi kuolewa."

"Ndiyo, mama."

"Mliachana kwa nini?"

Swali lilikuwa jepesi kwa maneno, zito kwa kubeba. Alifungua mdomo, lakini dada mtu alikuwa ameshamtangulia.

"Mama anauliza kwa sababu watu watauliza. Na watoto je? Aliishi na mume miaka yote ile, hata wa kusingiziwa hakuna? Si kwamba namchukia. Lakini mdogo wangu huyu ana kazi, ana afya, wasichana ambao hawajaolewa wamejaa. Yeye anakwenda kuchukua..." Akaliacha neno njiani.

"Kuchukua nini, dada? Malizia!" Rubani alikuwa ameshasimama. Miwani ilimteleza puani, akaisukuma kwa kidole. "Hamwoni aibu? Huyu ametendwa vya kutosha. Ameishi na mtu aliyemdharau, akarudi kwao na begi moja. Na nyinyi mnamwongezea? Mama, mwoneeni huruma!" Akaweka mkono wake begani kwa mpenzi wake, mkono mzito, wa joto, wenye nia njema. "Nisipomchukua mimi, atachukuliwa na nani?"

Ile asante ikaanza safari yake kama kawaida. Ilipanda kifuani, ikapita kooni, ikafika ulimini. Na hapo ikakwama.

Kwa sababu maneno yale aliyajua. Aliwahi kuyasikia, kwa sauti nyingine, mlangoni, begi likiwa mkononi. Mmoja alimtoa nje kwa maneno hayo, mwingine alikuwa akimkaribisha ndani kwa maneno hayohayo. Yule alisema kwa dharau na huyu alisema kwa mapenzi, lakini wote wawili walikubaliana juu yake.

Aliuondoa ule mkono begani taratibu. Akakiweka kikombe juu ya kisahani.

"Mama, swali lako ni la haki, nami nitalijibu mwenyewe," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikukatika. "Niliachika kwa sababu niliishi na mtu aliyenifanya nijione si kitu, na siku nilipoona nimeanza kumwamini, niliondoka. Sikuzaa naye. Madaktari hawakuona tatizo kwangu, na yeye hakukubali kupimwa. Iwapo nitazaa au sitazaa, sijui. Hilo ndilo jibu lote, sina lingine nililoficha."

Dada mtu alikuwa akitazama birika.

"Nashukuru kwa chai. Ila nisamehe mama, naomba niondoke. Nilikuja hapa kama mchumba. Sikuja kuokotwa."

*

Rubani alimfikia kwenye kona, penye duka la vifaa vya umeme, akihema.

"Subiri! Umefanya nini pale? Nimekutetea mbele ya mama yangu, wewe unaondoka?"

"Hukunitetea. Umeniombea huruma."

"Kuna tofauti gani?"

"Anayetetewa ana haki yake. Anayeombewa hana kitu."

"Aa! Sasa tunaanza kuchambua maneno." Akavua miwani, akaivaa tena. "Dada yangu alikuwa anakudhalilisha. Ulitaka ninyamaze?"

"Nilitaka useme kwamba unanipenda. Ungesema hilo tu. Ungesema, 'Mama, nimempenda huyu,' ungekuwa umemaliza."

"Si ni kitu kilekile?"

"Si kilekile. Umesema, usiponichukua wewe nitachukuliwa na nani. Kama mzigo uliosahaulika stendi."

Rubani alitazama pembeni, kisha akamrudia kwa macho yenye hasira na maumivu. "Na wewe je? Kila siku asante, asante kwa kunipenda. Asante kwa kunisindikiza. Asante kwa kunipigia simu. Nani alinifundisha kwamba nakufanyia hisani? Mimi?"

Hilo lilimpata. Lilimpata kwa sababu lilikuwa kweli. Wapita njia wawili walipunguza mwendo kusikiliza, naye hakujali.

"Ni mimi," alisema. "Nilikufundisha vibaya, na wewe ni mwanafunzi mzuri. Basi leo nauliza swali moja tu. Toa huruma. Toa yule mume, toa begi, toa machozi yangu yote. Kinachobaki, unakipenda? Nitajie kitu kimoja."

Rubani alifungua mdomo. Akaufunga. Gari likapita, pikipiki ikapita, na bado alikuwa amesimama kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa bila kujiandaa.

"Sasa... si unaniuliza ghafla," alisema mwishowe.

"Ndiyo," akajibu, na machozi sasa yakaanza kumtoka. "Nimekuuliza ghafla."

Akamwacha hapo.

*

"Nimemfukuza mwanamume pekee aliyewahi kunitaka," alilia, uso ukiwa kwenye mapaja ya mama mdogo. "Pekee!"

"Pekee? Kwani wengine wamekwisha? Mbona jana nilipanda lifti wamejaa tele?"

"Sitanii, mama mdogo."

"Najua." Akamfuta uso kwa upindo wa khanga yake. "Nikuulize. Pale ulipoweka kikombe chini, ulijisikiaje?"

Alifikiri. "Niliogopa."

"Na zaidi ya kuogopa?"

Akainua uso. "Nilijisikia... nipo. Kama mtu aliyeingia chumbani mwake akawasha taa."

"Basi." Utani ulikuwa umemtoka mama mdogo. "Ulipokuja na lile begi lako nilikuacha ukiomba samahani humu ndani nikidhani ni homa, itashuka yenyewe. Nikalifanya jina la utani. Nilikosea. Kuanzia leo sikuiti hivyo tena. Na ukiniomba samahani bila kosa, nitakuuliza kosa lako nini, na utanitajia."

Wiki zilizofuata ziliuma. Mtu asidhani moyo hupona kwa hotuba moja. Kulikuwa na asubuhi alizoamka akiwa imara, na jioni alizoshika simu, kidole juu ya jina la Rubani, akiwa tayari kuomba radhi kwa yote, hata kwa jua kuwaka. Akikatiza barabara aliinua macho juu ya mapaa, akauona mkono ule wa chuma ukizunguka polepole angani. Alimkumbuka anavyocheka kwa mabega. Alikumbuka harufu ya sabuni shingoni mwake. Lakini hakupiga.

Badala yake alijizoeza mambo madogo. Mteja alipomkanyaga, alisubiri mteja aombe radhi, na mteja akaomba, dunia haikuanguka. Mama mdogo alimkamata na samahani zisizo na kosa mara nyingi tu, na kila mara alilazimika kutafuta kosa hadi wote wawili wakacheka. Na asubuhi moja alibisha hodi kwenye ofisi ya tajiri.

"Lile tawi jipya," alisema, "umeshapata mtu?"

"Bado natafuta. Kwani unamjua nani?"

"Najijua mimi. Nilikuambia siwezi. Nilikosea, naweza."

Tajiri alimtazama juu ya miwani aliyotengenezewa na mikono hiyohiyo. "Sasa ulikuwa wapi siku zote?" akauliza.

*

Mgeni wake wa kwanza kwenye tawi jipya hakuwa mteja. Rangi ilikuwa bado inanukia, makabati yamefunikwa karatasi, alipoona mwanamke mfupi amesimama mlangoni akiwa amekumbatia mkoba wake.

"Hodi."

"Karibu, ma..." Akasita. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekufuata kule, wakanielekeza huku." Mama yake Rubani aliketi bila kuambiwa, kama watu wazima waliozoea kusimama usiku kucha na kujua thamani ya kiti. "Sikutumwa. Mwanangu hajui kama niko hapa. Nimekuja kukuambia kwa nini nilikuuliza lile swali."

"Lilikuwa swali la haki, mama. Nilisema."

"Ulisema. Lakini hukujua nilichotaka." Akavuta pumzi. "Yule mtoto wangu tangu mdogo ana mkono wa kuokota. Njiwa aliyevunjika bawa, paka wa jirani mwenye kidonda. Alikuwa analala nao, anawalisha kwa kijiti. Mnyama akipona, akaanza kuruka na kula mwenyewe, basi, hamwoni tena. Anatafuta mwingine. Ana moyo mzuri, sikatai, nimemzaa mimi. Lakini aliponiambia habari zako, zote zilikuwa za kidonda. Nikajiuliza, na binti wa watu akipona?"

Fundi miwani aliketi pia.

"Kumbe hukunikataa."

"Nilikuogopea. Binti yangu alisema yake, na nimemwambia makosa yake; atakuja mwenyewe kukuona, ni mkaidi lakini si mbaya. Mimi nilitaka kujua kama bado unatoka damu. Nimezalisha wanawake wengi, mwanangu. Najua sura ya mtu anayedhani hawezi kusukuma, na najua sura yake akigundua anaweza. Siku ile nilikuona ukigundua." Akainuka, akampigapiga shavuni. "Mkiwa pamoja au msiwe, mlango wangu uko wazi kwako."

*

Rubani mwenyewe alikuja siku mbili kabla ya ufunguzi, mchana, vumbi la saruji likiwa bado kwenye nyusi zake. Alimkuta amesimama juu ya kiti akimwelekeza fundi seremala.

"Rudisha nyuma kidogo. Zaidi. Hapana, umepitiliza. Hapo!" Akageuka, akamwona. Moyo ulimruka, akauacha uruke. "Karibu."

"Mama ameniambia alichokuambia," Rubani alisema pale pale mlangoni. "Yale ya njiwa. Nilikasirika siku nzima. Halafu nikaona anasema kweli."

Seremala alikumbuka ghafla kwamba ana misumari ya kununua, akatoka.

"Uliniuliza swali nikashindwa," Rubani aliendelea. "Kule juu nina muda mwingi wa kufikiri. Naweza kujibu sasa?"

"Jibu."

"Unacheka kabla hujamaliza kusimulia kichekesho, mpaka hakuna anayekielewa. Unaposhika uso wa mtu kumwekea miwani, unashika na pumzi, hata kama ni mzee mkali anayenuka tumbaku. Hujui kuimba na unaimba. Unabishana na redio." Alimeza mate. "Na ile siku pale barabarani, uliponipa mgongo. Njiwa hawakuwahi kunigombeza. Nilibaki nimesimama nikakutazama ukienda, nina hasira, nina aibu, na nikajiambia: mwanamke yule simjui. Nataka kumjua."

Alishuka kwenye kiti. Sasa walitazamana uso kwa uso, na hakuna aliyeharakisha kuangalia kwingine.

"Sina kidonda cha kukupa ukiuguze," alimwambia. "Yapo makovu, na siku nyingine yatauma. Lakini nitayauguza mwenyewe, wewe utanishika mkono tu. Utaweza? Au utachoka?"

"Sijui," Rubani alisema, na ukweli huo ulimgusa kuliko ahadi yoyote. "Sijawahi kumpenda mtu asiyenihitaji. Naogopa. Nifundishe, lakini safari hii nifundishe vizuri."

Akacheka. Kisha akajisikiliza ndani, akiitafuta ile hofu ya zamani iliyokuwa ikimjibia kila jambo. Ilikuwepo bado, pembeni kabisa, ila sasa haikuwa na sauti kubwa kuliko yake.

"Nimejaribu kuishi bila wewe," alisema. "Naweza. Nakuambia kweli, naweza kabisa. Nakula, nalala, nafanya kazi." Akamfuta vumbi kwenye nyusi kwa kidole gumba. "Lakini sitaki. Nakutaka wewe. Sikuchagui kwa kukosa mwingine. Nakuchagua kwa sababu nakupenda."

Macho ya Rubani yalijaa nyuma ya vioo. Akaitikia kwa kichwa kama mtoto.

"Usinililie dukani, wapita njia watadhani nimekuchoma jicho," alimwambia, naye mwenyewe akiwa ameanza kulia. "Njoo. Seremala ametukimbia na kabati bado halijakaa mahali pake. Shika upande huo."

Rubani alikunja mikono ya shati, akashika.

"Niliweke wapi?"

"Dirishani," akasema, akiinua upande wake. "Penye mwanga."